Usasishaji wa moduli za seva bila kusitisha huduma

Usasishaji wa moduli za seva bila kusitisha huduma ni utaratibu wa kubadilisha sehemu moja ya programu inayofanya kazi kwenye seva, kwa kuweka toleo jipya mahali pa toleo la zamani, huku watumiaji wakiendelea kuhudumiwa. Hutumika hasa katika mifumo ambayo kuzimwa kwake, hata kwa dakika chache, huleta hasara au hatari: mitambo ya simu, benki, huduma za kutuma pesa kwa simu na mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa.

Katika Afrika Mashariki mfano unaofahamika ni OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyojengwa kwa moduli na kutumika kwa mara ya kwanza mjini Eldoret, Kenya, mwaka 2006.

## Moduli ni nini

Programu kubwa inaweza kuandikwa kama kitu kimoja kisichogawanyika. Hapo kubadilisha mstari mmoja kunalazimu kuizima yote na kuiwasha upya. Programu ya moduli, kinyume chake, ina kiini kidogo na vipande vinavyopachikwa juu yake. Kila kipande, yaani moduli, kina kazi yake: kimoja hushughulikia maabara, kingine dawa, kingine ripoti.

Moduli huzungumza na kiini kwa njia ya kiolesura, yaani orodha ya maombi inayokubali na majibu inayotoa. Kiolesura kisipobadilika, yaliyomo ndani ya moduli yanaweza kuandikwa upya bila sehemu nyingine kuathirika. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hutumia namba za toleo zenye sehemu tatu, kwa mfano 2.4.1. Namba ya mwisho hupanda kosa linaporekebishwa, ya kati linapoongezwa jambo jipya lisiloharibu ya zamani, na ya kwanza pale kiolesura kinapobadilika kiasi kwamba moduli nyingine nazo lazima zirekebishwe.

## Hatua za kubadilisha moduli

Kwa kawaida kazi hufuata hatua hizi:

1. Toleo jipya hupakiwa kwenye kumbukumbu ya seva kando ya lile la zamani.
2. Mfumo hukagua kama toleo hilo linapatana na kiini na moduli nyingine linazozitegemea.
3. Maombi mapya huelekezwa kwenye toleo jipya, au husubirishwa kwenye foleni.
4. Maombi yaliyokwisha kuanza huachwa yamalizike kwenye toleo la zamani.
5. Toleo la zamani huondolewa, na nafasi yake kwenye kumbukumbu huachiwa.
6. Kosa likionekana, mfumo hurudishwa kwenye toleo la zamani, ambalo faili lake hutunzwa.

Hatua ya tatu inafanana na kazi ya ndiva katika Milima ya Upare. Ndiva ni bwawa dogo la wakulima ambalo hukusanya maji ya kijito usiku na kufunguliwa mchana ili yaende mashambani kwa mifereji. Mfereji ukihitaji kuzibuliwa, lango hufungwa na maji yakabaki ndivani. Kazi ikiisha, lango hufunguliwa. Maji hayakupotea, yamechelewa tu. Foleni ya maombi hufanya vivyo hivyo: mtumiaji husubiri sekunde chache lakini ombi lake halitupwi. Na kama ndiva inavyojaa na kufurika, foleni nayo ina ukubwa wake. Mabadiliko yakichukua muda mrefu kupita uwezo wake, maombi huanza kukataliwa.

Hatua ya nne nayo hairukwi. Mkulima wa Gonja, wilayani Same, akimtumia mtu pesa kwa simu baada ya kuuza mpunga, kuna kazi mbili ndani ya muamala mmoja: kupunguza salio lake na kuongeza salio la mpokeaji. Moduli ikiondolewa katikati ya kazi hizo, pesa zinaweza kutoka upande mmoja zisifike upande wa pili. Kwa hiyo muamala hutendewa kama kitu kimoja: ama ukamilike wote, ama ufutwe wote.

## OpenMRS

OpenMRS ilianza kubuniwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, na shirika la Partners In Health. Mradi wa AMPATH, unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret na vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini, ulikuwa na wagonjwa wengi wa Virusi vya UKIMWI waliohitaji kufuatiliwa kwa miaka mingi. Mfumo ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huohuo ukaanza Rwinkwavu nchini Rwanda.

Kwa kuwa mahitaji ya kila hospitali ni tofauti, wabunifu waliweka kiini kimoja na kuruhusu mengine yote yaongezwe kama moduli. Moduli ya OpenMRS ni faili moja lenye kiambishi .omod. Ndani yake kuna msimbo uliotungwa kwa lugha ya Java, kurasa za wavuti, na maelezo yanayotaja jina la moduli, namba ya toleo, toleo la kiini linalohitajika na moduli nyingine inazozitegemea.

Msimamizi anaweza kupakia, kuanzisha, kusimamisha na kusasisha moduli kupitia ukurasa wa usimamizi, bila kuzima seva yenyewe. Akisimamisha moduli moja, zile zinazoitegemea husimama pia. Moduli mpya inapoanza, mfumo hupanga upya viungo vyake vya ndani, na kwa muda huo watumiaji hulazimika kusubiri. Kwa hiyo njia hii hupunguza sana usumbufu lakini haiuondoi kabisa. Mipangilio ya mfumo inaweza pia kuzuia upakiaji kupitia ukurasa wa wavuti, kwa sababu mtu mwenye uwezo wa kupakia moduli anaweza kuingiza msimbo wa hila.

## Erlang na mitambo ya simu

Wazo la kubadilisha msimbo unaotembea lilikuzwa sana katika mitambo ya simu, ambayo haitakiwi kuzimwa. Mwaka 1986 wahandisi wa kampuni ya Ericsson ya Uswidi, akiwemo Joe Armstrong, walianza kubuni lugha ya Erlang. Lugha hiyo huruhusu matoleo mawili ya moduli moja kuwepo pamoja, la sasa na la zamani. Shughuli iliyoanza na toleo la zamani huendelea nalo mpaka itakapoiita moduli hiyo upya kwa jina lake kamili. Hapo huhamia toleo la sasa. Mwaka 1998 Erlang ilitolewa kama programu huria, na baadaye ikatumika kujenga seva za WhatsApp.

## Njia ya seva nyingi

Mifumo mingi ya leo haibadilishi msimbo ndani ya programu inayotembea. Badala yake nakala kadhaa za programu huendeshwa kwa pamoja, na mbele yake huwekwa kisawazishi mzigo kinachogawa maombi. Nakala moja huondolewa kwenye mgao, husasishwa, hukaguliwa na kurudishwa, kisha inafuata nyingine. Kubernetes, mfumo uliotangazwa na Google mwaka 2014, hufanya kazi hiyo yenyewe. Jina lake ni neno la Kigiriki lenye maana ya nahodha au mshika usukani.

Njia nyingine ni kuwa na mazingira mawili kamili, moja likihudumia watu na jingine likiandaliwa, kisha kuhamisha watumiaji wote kwa pamoja. Wengine huanza kwa kuwapa toleo jipya watumiaji wachache, na kuwaongeza kadiri makosa yasivyoonekana.

## Tatizo la hifadhidata

Msimbo hubadilishwa kwa urahisi kuliko data. Matoleo mawili yakitumia hifadhidata moja kwa wakati mmoja, mpangilio wake lazima ueleweke na yote mawili. Tuseme safu moja ya jina la mgonjwa inatakiwa kugawanywa kuwa mbili. Safu mpya huongezwa kwanza bila kufuta ile ya zamani. Kisha toleo jipya huandika kwenye zote, na kumbukumbu za nyuma hunakiliwa. Safu ya zamani hufutwa mwishoni, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna toleo linaloisoma. Anayeifuta mapema hujinyima njia ya kurudi.

## Mipaka

Baadhi ya mabadiliko bado huhitaji seva kuzimwa, kwa mfano yale ya kiini cha programu au ya Java yenyewe. Pia moduli iliyoondolewa inaweza kuacha mabaki kwenye kumbukumbu. Usasishaji ukirudiwa mara nyingi, kumbukumbu hujaa na seva kukwama.

Njia ya seva nyingi inahitaji mitambo ya ziada, umeme wa uhakika na wataalamu. Kituo cha afya chenye seva moja huwa na chaguo jepesi zaidi: kunakili data, kujaribu toleo jipya kwenye kompyuta nyingine, kuwatangazia wahudumu saa ya kuzima, na kufanya kazi hiyo wakati wagonjwa ni wachache huku kumbukumbu zikiandikwa kwenye karatasi ili ziingizwe baadaye. Kuzima kwa mpango kwa nusu saa kuna madhara madogo kuliko usasishaji wa papo kwa papo unaoharibu kumbukumbu bila mtu kugundua.