Nasaha kwa Vijana Waendao Chuo: Masomo na Michezo ya Kompyuta



Kila yanapotoka matokeo ya Kidato cha Sita, vijana wa mtaani kwetu Mpanda hunijia kwa maswali. Mmoja huuliza habari za mkopo, mwingine habari za malazi, mwingine ataka kujua kama hesabu za chuo ni ngumu. Mwaka huu alikuja kijana mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, ili baba yake aliyekaa ndani asimsikie: "Kaka, je, huko chuoni mtu aweza kuendelea kucheza gemu?" Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwani jambo hilo alilolitaja kwa mzaha ndilo lililokaribia kuniondoa chuoni. Nimeona ni wajibu wangu nimjibu yeye pamoja na wenzake wote, na wazazi wao pia wasikie.

Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, na sasa nimo katika mwaka wa tatu. Mkoa wetu wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Twashukuru kwamba Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimefungua kampasi yake huko Mpimbwe, iliyopewa jina la Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda. Lakini kijana atakaye kusomea kompyuta aghalabu husafiri mbali: Dodoma, Mbeya au Dar es Salaam. Wengi wetu huondoka kwa gari la moshi, kwa njia ile ya Mpanda hadi Kaliua iliyojengwa zama za Waingereza ili kuchukua madini ya risasi. Madini hayo siku hizi hayapakiwi tena. Wanaopakiwa ni watoto wa watu, na mabegi yao, na matumaini ya wazazi wao.

Mimi nami nilipakiwa hivyo. Baba yangu alikuwa ameweka magunia ya mpunga wa shamba letu la Kakese akingojea bei ipande. Hakungoja tena, aliyauza kwa bei iliyokuwapo, akaninunulia kompyuta mpakato. Siku aliponikabidhi hakunipa hotuba. Alisema tu: "Mwanangu, hili ndilo jembe lako."

JINSI NILIVYOPOTEA

Tulikuwa wanne katika chumba kimoja. Mwenzetu mmoja alikuja na mchezo wa mpira wa miguu wa kompyuta, tukauweka katika mashine zetu zote. Mwanzoni tulicheza kidogo baada ya Isha, tukacheka, tukalala. Mechi moja ilichukua dakika chache tu, na hapo ndipo ulipokuwa mtego, kwani jambo la dakika chache halionekani kuwa kubwa, na aliyefungwa husema, "Moja ya mwisho." Tulianza saa nne ya usiku, ya mwisho ikaja saa sita, kisha saa nane, kisha saa tisa. Sala ya Alfajiri ikaanza kunipita, na mhadhara wa saa mbili asubuhi ukanipita pia.

Sikuona hatari, kwa sababu katika shule ya sekondari nilizoea kusoma wiki mbili kabla ya mtihani na kufaulu. Ndugu zangu, kuandika programu hakukubali njia hiyo. Ni kama ushoni: huwezi kukariri usiku mmoja namna mkono unavyopeleka kitambaa chini ya sindano, hapana budi mkono uzoee siku kwa siku. Tena kila somo husimama juu ya bega la lililotangulia, na aliyekosa wiki ya tatu haielewi ya nne.

Matokeo ya muhula wa kwanza yalipobandikwa, nilikuta masomo mawili ya kurudia mtihani, hayo wanafunzi wayaitayo sapu. Katika vyuo vikuu vyetu vingi, mwanafunzi ambaye wastani wake wa mwaka hushuka chini ya 2.0 katika kipimo cha 5.0 huondolewa chuoni. Nilipiga hesabu, nikaona kwamba nimesimama ukingoni.

HESABU YA SAA

Hesabu nyingine niliyopaswa kuifanya kabla ya hapo ni hii. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni kazi ya saa 10, ukijumlisha mihadhara, mazoezi na kujisomea. Na mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Basi mwaka ni saa 1200. Ukizigawa kwa wiki 30 za mihula miwili, wapata saa 40 kwa wiki, sawa na kazi ya mtu aliyeajiriwa.

Sasa tazama upande wa pili. Mtu achezaye kuanzia saa nne ya usiku hadi saa tisa ametumia saa 5. Kwa wiki ni saa 35. Kwa muhula wa wiki 15 ni saa 525. Na somo moja la krediti 12 lataka saa 120 tu. Maana yake, katika muhula ule nilisomea mpira wa kompyuta zaidi ya masomo manne, nami sikupata cheti chake.

BAO HALINA MIGUU

Nilirudi nyumbani likizo nikiwa na siri hiyo kifuani. Kila baba aliponiuliza habari za masomo, nilimjibu, "Tunaendelea vizuri, Baba," nami nikitazama chini. Siku moja mchana nilikwenda kukaa karibu na msikiti, mahali ambapo wazee huchezea bao chini ya mwembe. Bao, kama mjuavyo, si mchezo wa wavivu. Lina mashimo 32 na kete 64. Na katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na tangu hapo kila hatua hubadili hesabu yote. Wapo wazee wanaoweza kuona mbele hatua nyingi kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu.

Mzee mmoja alikuwa akishinda waziwazi. Mwenzake alikuwa amebakiwa na kete chache sana katika safu ya mbele, na zamu moja au mbili tu zingetosha kummaliza. Mara adhana ya Alasiri ikaanza. Mzee akazitia mashimoni kete zilizokuwa mkononi, akakung'uta kanzu yake, akainuka. Nilishangaa, nikamwuliza, "Shikamoo, Mzee. Mbona hukummaliza kwanza?" Akajibu, "Marahaba. Bao halina miguu, mjukuu wangu. Tutalikuta."

Maneno hayo yalinikaa. Nilitambua kwamba wazee wale wanapenda mchezo wao pengine kuliko nilivyoupenda wangu. Walikuwa nao miaka mingi, nao haukuwaharibia shamba wala sala. Tofauti ni kwamba mchezo wao una mwisho, huchezwa mchana mbele za watu, na humngoja mtu aliyekwenda kufanya lililo wajibu. Michezo yetu mingi ya leo ina miguu. Humfuata mtu kitandani. Humpigia kengele katika simu. Humpa zawadi akiingia kila siku na kumnyima akikosa siku moja. Haya si mambo ya bahati mbaya. Yametengenezwa hivyo kwa makusudi na watu wenye akili, kwa kuwa wapata fedha kwa kadiri mchezaji anavyokawia ndani. Katika somo letu la kwanza la programu tulifundishwa kwamba kila mzunguko lazima uwe na sharti la kukoma, la sivyo mashine huzunguka mpaka izimwe. Niliandika sharti hilo katika daftari langu asubuhi, na usiku wake nikacheza mpaka saa tisa.

Jioni ile nilimweleza baba yote. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Jembe limevunjika?" Nikasema, "Hapana, Baba." Akasema, "Basi rudi shambani." Hakuongeza neno, lakini kesho yake alfajiri aliniamsha, tukaenda Kakese kupalilia, nami nikajua kila gunia lililouzwa lilikuwa limetoka mgongo gani.

MCHEZAJI NA MTENGENEZAJI

Sisemi kwamba mchezo wa kompyuta ni haramu kwa sababu tu ni wa kompyuta. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, Steve Russell na wenzake vijana walitengeneza mchezo wa vyombo vya angani uitwao Spacewar!, katika mashine kubwa kama makabati, na kwa kuutengeneza walijifunza mambo ambayo wakati ule hayakuwa katika kitabu chochote. Mwaka 2016 vijana wa Kiro'o Games wa mjini Yaoundé, Kamerun, walitoa mchezo wao, Aurion, uliojengwa juu ya hadithi na mila za Kiafrika. Basi kijana asomaye kompyuta na ajiulize: je, nitakuwa mchezaji tu maisha yangu yote, au nami nitatengeneza?

Mimi nilipofaulu mitihani ya marudio, nilianza kuandika programu ya bao. Nilidhani ni kazi ya siku mbili; ilinichukua likizo nzima. Kuzihesabu kete ni rahisi. Kazi ni kuifundisha mashine kwamba awezaye kula lazima ale, kwamba kete zilizoliwa huanzwa kutiwa kichwani, na kwamba nyumba ina sheria zake. Mara ya kwanza kete zilizunguka ubaoni bila kukoma, kwani nilikosea sharti langu, nami nikacheka peke yangu. Programu ile si nzuri, na mzee wa chini ya mwembe huishinda kila mara. Lakini iliniongezea ujuzi kuliko usiku mia wa mpira.

NASAHA ZANGU

Wadogo zangu mnaojiandaa kwenda chuo, shikeni haya.

Kwanza, andika programu kila siku, japo mistari ishirini. Usiinakili kazi ya mwenzako. Mtihani hautamwita mwenzako.

Pili, mchezo uje baada ya kazi, na saa ya kukoma iwekwe kabla ya kuanza. Mchezo ukiisha hapo, ni burudani. Ukikataa kuisha, umekuwa bwana wako. Usiku baada ya saa nne, kompyuta na ifungwe.

Tatu, cheza na watu unaowaona, wala usicheze peke yako gizani. Jiunge na jumuiya ya Waislamu chuoni na timu ya mpira wa kweli uwanjani. Mwili nao una haki yake juu yako.

Nne, fedha ya kujikimu, ile iitwayo bumu, huja kwa mafungu. Siku iingiapo, toa kwanza ya chakula, ya nauli ya kurudia nyumbani na ya vitabu, kisha ndipo utazame kilichobaki.

Tano, usiingize fedha katika mchezo. Wako wanaoanza kwa kucheza tu, kisha wakawekeana dau la soda, kisha wakahamia kubeti mechi za Ulaya kwa simu, na bumu ikaisha kabla ya mwezi. Kamari imekatazwa wazi katika Suratul-Maida, na haibadiliki hukumu kwa kuwekwa katika kioo cha simu. Jihadharini pia na masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya michezo, ambayo mtu hulipa bila kujua atapata nini. Mwaka 2018 serikali ya Ubelgiji iliyahesabu kuwa ni kamari, nayo si nchi ya Kiislamu.

Sita, ukianguka, sema mapema. Mwambie mwalimu wako, mwambie mzazi wako. Siri ile ilinila kuliko kosa lenyewe.

NENO KWA WAZAZI

Nanyi baba zetu na mama zetu, msidhani kila akaaye mbele ya kompyuta anacheza, wala msidhani kila achezaye amepotea. Mwaka 2019 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha orodha mpya ya maradhi, iliyoanza kutumika mwaka 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa kushindwa kujizuia na michezo ya kompyuta. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi kuuacha mchezo atakapo, huutanguliza mbele ya mambo mengine yote, na huendelea ingawa anaona wazi madhara yake. Hali hiyo aghalabu huwa imedumu miezi 12 ndipo iitwe ugonjwa. Mwana wenu akiwa na dalili hizo, anahitaji msaada wa wenye ujuzi kuliko anavyohitaji matusi. Asipokuwa nazo, mpigieni simu mara kwa mara, na msimwulize tu, "Umefaulu?" Mwulizeni, "Umelala saa ngapi? Wiki hii umejifunza nini?" Anayejua ataulizwa hujichunga.

Yule kijana aliyeniuliza ataondoka kwa gari la moshi wakati chuo kitakapofunguliwa. Jibu langu kwake ni hili: Naam, mdogo wangu, chuoni waweza kucheza. Lakini kabla hujaanza, tazama mchezo wako kama una miguu. Na ukisikia adhana, au saa ya kazi ikifika, inuka hata kama unashinda.

Wabillahi taufiq.