Mtoto Huyu Alikuwa kwa Nani? Utangulizi wa Somo la Huduma za Watoto na Familia

Wanafunzi wengi wanaoanza somo hili huja na picha moja kichwani: kituo cha watoto yatima, geti limepakwa rangi, watoto wamepanga mstari wakiimba, wageni wanashusha mchele, sukari, mafuta ya kula na sabuni. Picha hiyo si ya uongo. Aliyeishi Mbezi Beach, Dar es Salaam, ameiona mara nyingi, hasa mwezi wa Ramadhani na wiki ya Krismasi, na siku hizi hata keki ya siku ya kuzaliwa hupelekwa kukatwa huko. Ila ukianzia getini umeanzia katikati ya habari. Swali letu linatangulia geti: mtoto huyu alikuwa kwa nani, na ilikuwaje asibaki kwao?

Nimeichagua Mbezi Beach kuwa mfano makusudi (si Mbezi ya Kimara, msije mkapotea). Ukishuka Tangi Bovu au Afrikana ukaingia upande wa bahari, unakutana na kuta ndefu zenye nyaya za umeme juu. Ukivuka Barabara ya Bagamoyo na kupanda kuelekea Salasala na Goba, unakuta nyumba za ghorofa zimebanana na vyumba vya kupanga. Watafiti huwa wanakimbilia mitaa ya hali ya chini kama Mbagala au Tandale, kana kwamba shida ya mtoto ina anwani. Lakini ndani ya kuta zile za Mbezi yumo dada wa kazi aliyeletwa kutoka Singida au Iringa, anayesema ana miaka 18 kwa sababu ameambiwa aseme hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Nani atagonga geti kuuliza? Shirika lisilo la kiserikali halina mamlaka ya kuingia nyumbani kwa mtu. Mjumbe wa nyumba kumi anayo heshima, ila heshima hiyo nayo hupungua kadiri ukuta unavyorefuka.

Sheria ya Mtoto ndiyo msingi wa somo letu, na sishauri mtu aisome kwa muhtasari. Ilikusanya mambo yaliyokuwa yametawanyika: kuasili, makao ya watoto, vituo vya kulelea watoto mchana, mahakama za watoto, hata madai ya matunzo. Ilizipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kumlinda mtoto, na ikampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa anapoona mtoto anaumizwa au anatelekezwa. Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2011.

Mashirika yalitangulia sheria hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1992, UKIMWI ukiwa unamaliza wazazi na watoto wakizidi kuonekana wakilala mitaani, Sista Jean Pruitt wa shirika la masista la Maryknoll alianzisha Dogodogo Centre hapa Dar es Salaam kwa ajili ya watoto wa mitaani. Mwaka huohuo, upande wa Temeke, PASADA ya Jimbo Kuu Katoliki ilianza kama kikundi kidogo cha watu wenye virusi vya UKIMWI waliotaka kusaidiana. Ninayaweka pamoja kwa sababu kwangu yanaonyesha milango miwili ya kazi moja. Shirika la kwanza lilimpokea mtoto aliyekwisha kutoka nyumbani. La pili liliingia kwa mzazi angali hai, na kwa njia hiyo likamfikia mtoto kabla hajatoka. Fedha na sifa zimeufuata zaidi mlango wa kwanza, kwa sababu mtoto aliyeokolewa anapigika picha. Mama aliyepata dawa na kodi ya chumba, watoto wake wakabaki naye, hana picha ya kuonyesha, hakuna kilichotokea.

Ubishi mkubwa wa taaluma hii uko kati ya milango hiyo miwili, nami nina upande. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Hata SOS, shirika la vijiji vya watoto lililoanza Austria mwaka 1949 na kijiji chake cha kwanza kikiwa Imst, chenye nyumba na mama mlezi, leo lina programu za kuimarisha familia ambazo watoto wake hawajawahi kulala kijijini. Watoto wengi wanaoitwa yatima wana mzazi mmoja, au bibi, au mama mdogo. Bibi huyo hakosi upendo. Anakosa nauli, sare, daftari, cheti cha kuzaliwa cha mjukuu na mtaji wa kuuza vitumbua. Elimu bila malipo ya mwaka 2016 ilimwondolea ada, haikumwondolea hayo mengine. Gharama ya kumweka mtoto kwenye makao ingetosha kumwezesha bibi amlee nyumbani, na bado mfadhili huona rahisi kujenga bweni.

Simaanishi makao yafungwe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wanaofanya hayo mara nyingi ni watu wanaofahamika kwa mtoto. Kuna nyumba ambazo mtoto lazima aondolewe usiku uleule. Ndiyo maana ipo namba 116, yapo madawati ya jinsia na watoto polisi, na yupo afisa ustawi wa jamii, ambaye anabeba mafaili kuliko mtu mmoja awezavyo na mara nyingi hana usafiri wa kufuatilia hata nusu yake.

Familia zenyewe zinasemaje? Ukikaa nazo, malalamiko hayaanzii kwenye kiasi cha msaada. Yanaanza na kuandikwa. Shirika la kwanza limekuja limeandika, la pili limeandika upya, la tatu limepiga picha, na hakuna lililorudi. Nayo miradi huisha: Kizazi Kipya, uliofadhiliwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, ulianza 2016 ukaisha 2021; mwaka 2025 fedha za USAID zilikatika na miradi mingi iliyozitegemea ikasimama. Mtoto aliyeandikwa akiwa na miaka sita hakui kwa kufuata kalenda ya mfadhili.

Kwa hiyo ukitembelea shirika lolote, usiombe kwanza orodha ya watoto waliopo. Omba ya waliorudi kwao: walirudi kwa nani, nani aliwatembelea baada ya miezi mitatu, alikuta nini. Na kwa wanaoanza mwaka wa kwanza Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Mbezi Beach ni daladala moja. Chukueni barua ya chuo, mfike ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya saa nne, mtendaji hajaondoka kwenda kikao cha kata.