Mwanafunzi Mgeni na Mtihani wa Lugha

Katika mtaa mmoja wa Kariakoo tulimkuta kijana aliyeletwa kutoka Ngazija ili aishi kwa ami yake na asome hapa Dar es Salaam. Alikuwa ameinamia swali la hesabu lililoandikwa kwa Kiingereza: mfanyabiashara ana machungwa 40, ameuza 25, yamebaki mangapi? Kutoa alikujua. Kilichomshinda ni neno moja, "left". Juzi alifundishwa kuwa maana yake ni kushoto. Leo limegeuka kuwa kilichobaki. Akaacha nafasi tupu, akapewa sifuri.

Sifuri ile ilipima hesabu au ilipima Kiingereza? Nyumbani kijana huyu husema Shikomori, shuleni kwao alisoma kwa Kifaransa, madrasa ilimpa herufi za Kiarabu, na mtaani amekwishashika Kiswahili. Mwenye hazina hiyo ndiye anayeitwa mzito darasani!

Wala mtihani huu si wa wageni peke yao. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma; mtoto akiingia sekondari hukuta masomo karibu yote yamegeuzwa kuwa ya Kiingereza. Wengi hunyamaza, na ukimya wao hudhaniwa ujinga.

Tunawanasihi walimu: maneno magumu ya somo yaandikwe ubaoni na kufafanuliwa kabla ya somo kuanza. Mwanafunzi aruhusiwe kueleza kwanza kwa lugha aijuayo, kisha asaidiwe kulisema jambo lile lile kwa Kiingereza. Akikosea sarufi asichekwe, kwani anayechekwa hafungui kinywa tena. Nasi wazazi tusiipige marufuku lugha ya nyumbani. Maana iliyokwisha eleweka kwa lugha moja hupata jina jipya kwa wepesi katika lugha nyingine.

Zaid bin Thabit (r.a.) alikuwa kijana Mtume (s.a.w.) alipomwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi, na imepokewa kwamba aliyamudu kwa muda wa nusu mwezi. Aliaminiwa kwanza, ndipo akajifunza.

Jioni ile ami mtu alilichukua daftari, akamsomea mwanawe swali lile kwa Kiswahili. Hakuwahi kulimaliza.

"Kumi na tano, ami," kijana alijibu.

Tujiulize, ni wangapi wenye jibu hilo kifuani, nasi tunawaandikia sifuri?