BAADA YA SHAHADA YA UHANDISI, NINI?

Ukimwuliza mwanafunzi wa shule ya upili angependa kuwa nani, hujamaliza hata swali atakujibu: daktari, rubani au injinia. Daktari tunaijua kazi yake, maana sote tumedungwa sindano. Rubani naye tunamwona akipita huko juu. Lakini injinia? Wengi wetu twadhani ni yule mtu mwenye kofia ngumu anayeonyesha wenzake kwa kidole barabara inapojengwa, kisha anaingia kwenye gari kubwa na kwenda zake. Mimi nimechagua Fizikia, na kwa hivyo nikaona heri nijue mapema humfika nini mtu akishavua lile joho la mahafali. Nimewauliza watu wanne waliohitimu, wote wa ukoo wetu au majirani, na haya ndiyo waliyonieleza.

Kwanza kabisa, shahada haikufanyi kuwa mhandisi. Hata mimi nilishangaa. Mtu husoma miaka mitano, iwe ni Nairobi, Moi ama Jomo Kenyatta kule Juja, halafu kisheria bado hajawa mhandisi kamili! Sheria ya Wahandisi ya mwaka wa 2011 ndiyo iliyounda Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na Bodi hiyo huwaandikisha watu kwa ngazi. Ukitoka chuoni unaandikishwa kama mhandisi mhitimu, yaani bado mwanagenzi. Baada ya hapo yakupasa ufanye kazi kwa muda usiopungua miaka mitatu chini ya jicho la mhandisi aliyekwisha kuandikishwa, uandike ulichofanya, kisha uende mbele ya watu wazima wakuhoji. Ukipita, ndipo unaitwa mhandisi mtaalamu na kuruhusiwa kutia sahihi kwenye michoro. Juu yako bado kuna mhandisi mshauri. Kwa hivyo yule jirani yako anayeitwa "Injinia" tangu siku aliyopata barua ya chuo, mheshimu tu, lakini jua kwamba safari yake ingali ndefu.

Nilimwuliza dada mmoja wa mtaani kwetu, aliyesomea ujenzi, kama huo si usumbufu wa bure. Akanijibu kwa kunieleza kazi yake ya kila siku. Zege likiletwa mahali pa ujenzi, yeye huchukua chombo cha chuma chenye umbo la pia, kilicho wazi juu na chini na chenye urefu wa sentimita 30. Hukijaza kwa matabaka matatu, na kila tabaka hulidunga kwa ufito wa chuma mara 25. Kisha hukiinua chombo polepole na kupima lile zege limeshuka kiasi gani. Likiporomoka kama uji, basi limetiwa maji kupita kiasi na halifai. Zege jingine hulimimina kwenye vijisanduku vya sentimita 15 kila upande, na vipande hivyo huvunjwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28 ili ijulikane vina nguvu gani. Sasa hebu fikiri, mwanakandarasi ana haraka, lori limeshafika, vibarua wamesimama na mapauro mikononi, na binti wa miaka 25 anasema, "Hili lirudi." Aliniambia kwamba mara ya kwanza aliitwa majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye jarida la shule. Zege lilirudi.

Tarehe 29 Aprili 2016 jumba la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, na zaidi ya watu 40 wakafa. Jumba hilo lilikuwa limekwisha kutiwa alama kwamba libomolewe. Nikikumbuka hayo, ile miaka mitatu ya uanagenzi sioni kama ni mingi.

Wa pili ni binamu yetu wa umeme. Huyu ndiye aliyebahatika. Yuko kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini upande wa Naivasha. Pale Olkaria visima huchimbwa kwenda chini zaidi ya kilomita mbili, mvuke unapanda na kuzungusha mtambo, nao mtambo unazalisha stima. Mtambo wa kwanza pale ulianza kazi mwaka wa 1981. Yeye hufanya kazi kwa zamu, na Krismasi iliyopita alikula mkebe wa maharagwe akiwa anatazama vipimo. Mshahara wake sikuambiwa, ila mama yake amejengewa nyumba ya mawe.

Wa tatu alisomea mambo ya simu na mitambo ya mawasiliano, na leo yuko benki akiandika programu za kompyuta. Anasema hajashika waya tangu 2018 na hana majuto. Nilitaka kumwuliza zaidi lakini yeye ni mtu wa "nitakupigia baadaye".

Wa nne ni kaka yangu mwenyewe, na hapa itanibidi niende polepole.

Kaka alimaliza uhandisi wa mitambo mwaka wa 2019. Baba alikuwa ameuza ng'ombe wawili na kukodisha sehemu ya shamba, na pengo lililobaki lilijazwa na mkopo wa HELB. Mwaka uliofuata korona ikafunga kila mlango. Akaanza kukanyaga lami, kama tusemavyo, na kichekesho ni kwamba lami yenyewe imejengwa na wahandisi. Baadaye kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilimpokea afanye kazi bila malipo, na baada ya miezi tisa ikamwambia asante. Nauli ya miezi hiyo ilitoka kwenye maziwa ya nyumbani. Mkopo nao haungoji mtu apate kazi. Huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya masomo.

Akarudi nyumbani. Watu wakasema wee, ati "injinia wa posho", kwa sababu kazi ya kwanza aliyoipata kijijini ilikuwa kwenye mashine ya kusaga mahindi. Mwenye mashine alikuwa akinunua beringi mpya kila baada ya wiki chache na kuamini kwamba anauziwa bandia. Kaka alinyosha uzi kutoka puli ya mota hadi puli ya kinu, akaona havikai kwenye mstari mmoja, na mkanda nao umekazwa mno. Beringi zilikuwa zikivutwa upande mchana kutwa, zingekosaje kufa? Akalegeza, akasogeza mota, akakaza tena. Kazi ya saa moja hivi, na beringi zile zikadumu. Sasa ana mafundi wawili wa kuchomelea, na wanaunda mashine za kukatia ng'ombe majani. Baba amepunguza kulalamika, ingawa bado hujibu "yuko tu" akiulizwa kijana wake anafanya kazi wapi.

Kinachomuuma kaka si maneno ya watu. Ni kwamba kazi hii yote haihesabiki kwa Bodi, kwa kuwa hakuna mhandisi aliyeandikishwa anayemsimamia. Ana ujuzi mikononi lakini kwenye karatasi angali palepale pa 2019. Mimi naona hapo sheria ni nzuri ila mlango wake ni mwembamba, kwani wenye nafasi za kuwapokea wanagenzi ni wachache.

Kuunda vitu mwenyewe si jambo geni kwa wahandisi wetu. Marehemu Raila Odinga, aliyefariki mwaka wa 2025, wengi tulimjua kwa siasa tu. Kumbe alisomea uhandisi wa mitambo Magdeburg, Ujerumani Mashariki, akarudi 1970, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akaanzisha kampuni iliyokuja kutengeneza mitungi ya gesi, kisha akaajiriwa na shirika la kukagua ubora wa bidhaa. Hayo yote ni kabla ya kuwa mbunge.

Neno moja la mwisho kwa wanaojaza fomu za vyuo. Si kila kozi yenye jina la uhandisi hutambuliwa na Bodi. Wahitimu zaidi ya mia moja wa Egerton walikataliwa kuandikishwa, wakaenda kortini, na kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Juu, iliyoamua upande wao mwaka wa 2018. Walishinda, lakini hesabu mwenyewe miaka waliyoipoteza kwenye korido za mahakama. Bodi hutoa orodha ya kozi ilizoidhinisha. Kaka alinichapishia moja, nami nimeikabidhi kwa mwalimu wa ushauri. Unaweza kuiomba saa ya chakula cha mchana, ila usiondoke nayo, nakala ni hiyo moja tu.