Hati ya Nyumba na Deni la Kadi

Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa, ila hawakusema anywe nani. Mzee wa Shika Adabu, kule Likoni, huenda akaombwa na mpwawe: "Mjomba, niwekee hati benki nilipe deni la kadi; riba ya rehani ni nafuu."

Riba kweli yaweza kuwa nafuu. Lakini rehani ni neno zito: ni kutoa mali ishikwe hadi deni liishe. Deni la kadi kwa kawaida halina rehani. Mdaiwa akishindwa, hushtakiwa yeye, na jina lake huchafuka katika kumbukumbu za mikopo. Hati ikishawekwa, mkopaji ni mpwa, lakini wa kuhama ni mjomba, mkewe na watoto.

Mwaka 2016 maskwota wa Likoni walikabidhiwa hati za shamba la Waitiki baada ya kungoja miaka mingi. Je, hati kama hiyo ipotee kwa manunuzi ya kadi?

Sheria ya Ardhi ya 2012 yataka mke au mume aridhie nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Malipo yakikwama, notisi ya kwanza hutoa angalau miezi 3, ya pili siku 40. Kisha huja dalali.

Mpwa na asaidiwe kwa shilingi zilizopo, naye aiombe benki impangie malipo ya kidogo kidogo. Kumnyima hati si kukosa adabu.