Miche ya Mukombero Itokayo Chupani

Wakulima wengi wa Migori na Homa Bay wanaujua mukombero. Ni mmea wa msituni unaopanda juu ya miti, na mizizi yake huuzwa sokoni kwa mafungu. Watu huitafuna kwa ladha yake, na kwa kuamini kwamba huleta hamu ya chakula na nguvu mwilini. Lakini anayechimba mizizi mara nyingi huua mmea mzima. Ndivyo ulivyopungua katika msitu wa Kakamega, na baadhi ya wakulima wa kando ya msitu huo wamekwisha anza kuupanda mashambani.

Miche itoke wapi bila kumaliza msitu? Iko njia ya maabara, ile ile iliyoleta migomba safi katika Kenya tangu miaka ya 1990. Huitwa ukuzaji wa tishu. Katika miaka hiyo hiyo wataalamu wa Afrika Kusini waliukuza mukombero kwa njia hiyo.

Fundi huchagua mmea mama wenye afya, akakata kipande kidogo cha shina chenye jicho. Hukiosha kwa sabuni na dawa ya klorini, kisha hukitia katika chupa safi yenye sukari, madini na dawa ya kuchochea machipukizi, vyote vimegandishwa kwa agari itokayo katika mwani wa baharini. Baada ya majuma kadhaa machipukizi hutokea. Hukatwa, hutiwa katika chupa nyingine, na idadi huongezeka. Mwishowe huoteshwa mizizi.

Hapa kazi ya mkulima huanza, na hapa ndipo miche mingi hufa. Mche wa chupani ni kama mtoto asiyewahi kutolewa nje: majani yake hayana nta ya kutosha, na vitundu vyake vya kupumulia havijui kujifunga. Uweke juani kule Mbita, nao utakauka kabla ya jioni. Basi osha uji wote mizizini, maana ukibaki huleta ukungu. Panda katika udongo uliochomwa moto, chini ya kivuli, ufunike kwa nailoni. Kila siku chache funua kidogo zaidi, kwa muda wa majuma manne hivi.

Tuseme wazi kwamba mukombero hupenda unyevu na kivuli. Rongo na Awendo, penye mvua nyingi, panafaa kuliko ukingo wa ziwa au Bonde la Lambwe bila maji ya kumwagilia. Huko kukavu shubiri hustahimili zaidi, lakini shubiri huzaa vichipukizi yenyewe. Kuinunua chupani ni kutupa fedha.

Tena, miche ya mama mmoja ni sawasawa yote, na ugonjwa unaoua mmoja waweza kuiua yote. Afadhali kuomba miche iliyotoka kwa mimea mama mitatu au minne. Anza na miche ishirini tu. Na kabla ya kulipa hata shilingi moja, mjue mnunuzi wako: ataka mizizi mibichi au mikavu, na kilo ngapi?