Ukoma usio na mabaka

Katika mafunzo ya wahudumu wa afya vijijini tumezoea kufundisha kwamba ukoma huanza na baka lililokufa ganzi. Kwa wagonjwa wengi hilo ni kweli. Lakini ipo aina ambayo haina baka hata moja, na isipotibiwa inaweza kuua.

Madaktari Rafael Lucio na Ignacio Alvarado waliieleza mwaka 1852 huko Mexico, na mpaka leo wagonjwa wengi huonekana Mexico na Amerika ya Kati. Kwingineko ni nadra, kwa hiyo ni rahisi kutotambuliwa. Vimelea huenea katika ngozi yote. Uso hujaa, hung'aa, na mikunjo hupotea, hata mtu mzima akaonekana kijana. Watu wa Mexico waliuita "ukoma mzuri", jina linalopotosha sana! Wakati huohuo nyusi na kope hunyonyoka, na mikono na miguu huanza kufa ganzi.

Baada ya miaka kadhaa bila dawa, madoa mekundu au ya zambarau yanaweza kutokea ghafla, hasa miguuni na mikononi. Huuma. Vimelea vimeingia katika kuta za mishipa midogo ya damu, na mishipa hiyo imeziba. Ngozi iliyokosa damu hufa, huwa nyeusi, kisha hubanduka na kuacha vidonda vyenye kingo zisizo sawa. Bakteria wengine wakipitia hapo na kuingia katika damu, maisha ya mgonjwa yamo hatarini.

Kwa kuwa mara nyingi mwanzoni hana homa, vidonda hivi hudhaniwa kuwa vya kisukari au vya kuungua. Ukimwona mtu mwenye vidonda vya namna hii, mtazame nyusi. Muulize kuhusu ganzi. Ukiwa na shaka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Huko watachukua sampuli ndogo ya ngozi, kwa mfano kwenye ndewe la sikio, na kutafuta vimelea kwa hadubini.

Vidonda hutunzwa kama vya moto, na mgonjwa huanzishiwa dawa mseto za ukoma, ambazo hutolewa bure, kwa miezi 12. Hakuna haja ya kumtenga. Wanaoishi naye nyumba moja nao wachunguzwe ngozi, hata kama hawalalamiki chochote.